Nafasi ya Vitobo Saba

Bagamoyo, 8 Mfunguo Sita 1306

Kwa mdogo wangu Dija binti Msabaha, Saadani.

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na shemeji yangu Mwinjuma na mwanangu Mina. Mimi mzima. Nyumba nayo nzima, ila makuti ya ukumbini yaliteketea siku ile ya mizinga, na waezekaji wote wamekimbilia mashamba. Nashona huku mvua inanidondokea kisogoni.

Mara mbili umenitumia swali kwa mdomo wa Bi Hija mwuza vyungu: kwa nini sikutoka mjini na wenzangu? Nitoke niende wapi, Dija, na majora thelathini ya nguo? Utayabeba wewe? Wadachi wamekaa bomani na bendera yao, mimi nimekaa barazani na sindano yangu, hatujagombana bado. Watu wanaoana hata vitani. Mimi ndiye niliyetia marinda matatu kwenye suruali ya bibi harusi, watu wakanicheka, na leo toka Kaole mpaka Pangani hakuna mwari anayekubali marinda mawili. Mwaka huu natia tarizi ya kijani penye mikono. Utaona, mwakani pwani nzima itakuwa kijani na kila fundi atasema kaanza yeye.

Sasa sikiliza. Bi Hija anakuletea kofia mbili ndani ya chungu. Mpelekee Hamoudi, yule Mmanga mwuza kofia aliye kando ya msikiti wenu. Mpe mkononi mwake siku ile ile zinapofika, si kesho yake. Usizifue, usizipige pasi, usimpe mtu mwingine. Ni biashara yangu na yeye.

Barua zinafunguliwa langoni, na karani wa boma anasoma hati zetu vizuri kuliko mwalimu aliyetufundisha. Basi nawe karani, salamu: kanzu yako itakuwa tayari Jumamosi, uje uipime kabla hujanenepa tena.

Dada yako,
Mwajabu binti Msabaha


Saadani, 19 Mfunguo Sita 1306

Kwa dada yangu Mwajabu. Nakushika miguu.

Sisi wazima, alhamdulillahi. Mina ameng'oka jino, kalitupa juu ya paa, sasa anataka nipande nikamchukulie. Mwinjuma hajambo, ila haonekani. Yuko leo, kesho hayupo, na nikimuuliza anacheka. Tangu lini mume wangu akawa mtu wa kucheka akiulizwa swali?

Kofia nimempa Hamoudi mkononi, kama ulivyotaka. Dada, yule ni mwuza kofia wa namna gani? Alizigeuza ndani nje, akapita na kidole chake mstari kwa mstari, midomo inatikisika kama anayevuta uradi. Kisha akaziweka chini ya mkeka. Hakuuliza bei. Hakuzitundika na nyingine. Nikamwambia, "Bwana, kofia hizi kazi ya Mwajabu wa Bagamoyo, zitundike mbele watu wazione." Akaniangalia kama niliyetukana. Nimerudi nyumbani sielewi kitu.

Jambo la pili, na karani akisoma na asome. Huku kisimani wanasema unawashonea Wadachi. Wanasema suruali za askari wa boma zinatoka kwenye sindano yako, kwamba Mzungu anayegawa nguo anakaa barazani kwako unampa kahawa. Mwanamke mmoja alinipisha kwenye foleni ya maji, akasema kwa sauti, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nikamwambia nguo zangu hazina kunguni. Watu wakacheka, lakini hawakunicheka vizuri.

Niambie si kweli nikawafunge midomo. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika sindano. Mama alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa nijifunze kwa wa kulia, wewe ukanifungua kwa siri nyuma ya jiko ukasema, "Shona na mkono wowote, ilimradi uzi unyooke." Mpaka leo nashona kwa huo huo, mlango umefungwa. Mtu aliyenifungua mkono hawezi kuwa vile wanavyosema.

Mdogo wako,
Dija


Bagamoyo, 2 Mfunguo Saba 1306

Kwa Dija.

Salamu baada ya salamu. Nimesoma, nimecheka kwa habari ya jino, na kwa yaliyobaki sikucheka.

Ndiyo, nawashonea. Suruali ni suruali. Mzungu huyo huja barazani, na kahawa nampa, maana mgeni akifika mlangoni hupewa kahawa. Anapenda iwe na tangawizi. Hao wa kisimani waambie hivyo, uwaongezee na tangawizi.

Umeniumiza, Dija. Si wewe, ni hao. Lakini barua yako ndiyo iliyonifikia. Mimi nina kazi yangu na siwezi kuifunga kwa sababu Saadani kuna foleni ya maji. Mwinjuma mwache acheke. Mume anayecheka si msiba.

Nakuletea kofia moja tu safari hii. Ni kwa Hamoudi. Siku ile ile, Dija. Nakuomba.

Dada yako,
Mwajabu


Saadani, 16 Mfunguo Saba 1306

Kwa dada yangu mpenzi.

Nakushika miguu, na leo nina la kukutania, kwa hiyo jiandae.

Yale ya Wadachi nimeyameza. Sijayaelewa, nimeyameza tu. Umesema kazi, basi kazi.

Kofia imefika juzi. Bi Hija kanikabidhi adhuhuri, nami nikaifungua niione, maana nikiona mkono wako huwa kama nimekuona wewe. Ee Mwajabu! Macho yameanza kukuacha? Upande wa nyuma, mstari wa mwisho, umeruka vitobo saba! Saba vizima, pametulia peupe kama pengo la Mina. Nimehesabu mara tatu nikidhani ni mimi. Wewe, fundi uliyewahi kufumua kanzu nzima ya arusi kwa sababu ya ua moja lililokaa upande, unatuma kofia yenye pengo kwa mwuzaji?

Nikafikiri: huyu dada yangu yuko peke yake, anavujiwa, anashona mpaka vidole vinauma. Na huyu Hamoudi anayepitisha kidole mstari kwa mstari ataliona, atasema Mwajabu wa Bagamoyo kaisha. Tayari wanakusema kwa moja, wakuseme kwa mawili? Nikatoa uzi wa hariri, nikafunga mlango. Nikavitoboa vyote saba na kuvizungushia uzi vizuri mno, hata wewe usingejua. Kabla ya alasiri nilikuwa nimemaliza. Siku ile ile nikampelekea. Sikuifua, sikuipiga pasi, kama ulivyoniagiza.

Ungemwona Hamoudi! Kapita na kidole, kafika pale mwisho, uso wake ukafunguka. Akampa Mina halua kipande kikubwa. Nikajisemea, aha, kumbe anajua kazi nzuri akiiona.

Mwinjuma kaondoka jana alfajiri na wenzake wanane. Anasema wanafuata mtama. Mtama gani unaofuatwa na watu tisa sijui, simo. Kaniambia nimpikie mkate wa ajemi siku atakayorudi, na kwamba kofia ya Idi mwaka huu anaitaka mapema.

Kanunue wanja utie machoni. Wanasema unasaidia.

Dija wako


Bagamoyo, 18 Mfunguo Saba 1306

Dija,

Hii haikupita langoni. Nawe usipitishe tena barua langoni, mpe Bi Hija aitie chini ya vyungu.

Nenda kwa Hamoudi sasa hivi. Usimalize hata kusoma. Mwambie kofia iliachwa nafasi na wewe ndiye uliyeijaza. Mwambie hivyo tu, atajua la kufanya. Kama ni usiku nenda usiku. Kama Mina analala mbebe.

Mwinjuma alisema wanapita njia gani?

M.


Saadani, 24 Mfunguo Saba 1306

Kwa dada yangu Mwajabu.

Innalillahi wainna ilaihi rajiuun. Mwinjuma amefariki.

Watu tisa waliondoka, amerudi Bwanausi peke yake, tarehe ishirini, paja limepasuka kwa risasi. Amesema walifika kivuko cha Mtoni kwenye mto Kingani, wakaambiana njia ni wazi, wakashuka majini, na askari wa boma wakatoka kwenye mikoko pande zote mbili. Mwinjuma alikuwa wa mbele. Alikuwa na maji mpaka kifuani. Mwili haukuletwa. Tumemswalia hivyo hivyo, hapana kitanda, hapana sanda. Sanda nilikuwa nayo kashani, ile uliyonipa, nikairudisha.

Nimekaa eda. Wamenitundikia pazia ukumbini, nimevaa kaniki, Mina ananiuliza kwa nini sitoki nje na mimi sina homa.

Sasa nisikilize, maana kichwa changu hakinitoshi. Kesho yake Bwanausi alipofika, Hamoudi alikuja akakaa upande wa pili wa pazia. Akanipa pole. Kisha akaniuliza, sauti yake ya chini kabisa: "Bibi Dija, ile kofia ilifika kwako vile vile ulivyoniletea?" Dada, mimi nilijua nini? Mume wangu kafa siku tatu, mtu ananiuliza habari ya kofia! Nikadhani ameuona mkono wa pili, anataka kusema kazi yako imechakaa. Nikasema ndiyo, ilifika vile vile. Akasema, "Apa." Nikaapa. Nimeapa uongo juu ya matanga ya mume wangu ili jina lako lisiguswe.

Akasema, "Basi ni yeye." Akaondoka.

Siku ya pili ndiyo barua yako ikafika. Nimeisoma mpaka inachanika kwenye mkunjo. Niende kwa Hamoudi nimwambie nimeapa uongo? Kwa nini? Kofia ina nini na kivuko? Yeye nani? Vitobo saba vya uzi wa hariri vina nini na mume wangu?

Kama jibu ni lile ninaloliogopa, usinijibu. Hapana. Nijibu. Sijui ninachotaka. Andika.

Dija


Bagamoyo, 3 Mfunguo Nane 1306

Dija, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Kama unaisoma hii, Bi Hija amekwambia ufumue upindo wa suruali aliyokuletea. Ukimaliza itie motoni.

Mungu amrehemu Mwinjuma. Nililia nikiwa nimelishika guo la Mzungu magotini, sikuweza hata kuliweka chini, maana alikuwa amekaa mbele yangu anakunywa kahawa. Nilimwambia moshi umeniingia.

Umeniambia andika. Naandika.

Tangu Mfunguo Nne, habari za boma zinazowafikia watu wetu wanaopigana na Wadachi zinatoka kwangu. Watu wanadhani kuna mwanamume fulani mkubwa. Hakuna. Kuna mimi na wanawake kumi na mmoja: wafuaji, wapishi, wauza maji, na yule Bi Hija wa vyungu. Kila mmoja huniletea kipande chake akija kupima nguo, hamjui mwenzake, na mimi ndiye ninayeunga. Mtu akinipa suruali nimshonee amenipa habari zake. Najua askari wangapi wamefika kwa idadi ya viuno. Najua nani ataondoka kwa nani anayetaka nguo yake kabla ya siku. Usile na kipofu ukamshika mkono, Dija. Nimekula nao miezi minne wala sikuwashika mkono.

Barua zinasomwa, kofia hazisomwi. Kofia zote nilizo nazo zimekwisha ila mstari wa mwisho. Huo nautia siku ya kutuma. Ukiwa kamili, njia ya Mtoni ni wazi, njooni mchukue baruti niliyoificha ndani ya majora. Ukiwa na nafasi, kuna watu kivukoni, msivuke. Ndiyo yote. Hamoudi ndiye anayesoma huko.

Mwanzo wa mwezi ule Mzungu wangu aliniletea suruali ishirini na mbili za kutia viraka. Zote magotini. Zote zina tope jeusi la mikoko. Nani anapiga magoti mikokoni kila siku? Nikajua wanavizia Mtoni. Nikaacha vitobo saba, nafasi kubwa, mtu asikose kuiona.

Nawe ukaiona. Kuliko mtu yeyote ungeiona wewe.

Sikukuficha kwa kutokukupenda. Nilijiambia Dija husema, Dija moyo wake uko mdomoni, akijua ataungua. Hiyo ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilipenda kuwa nayo peke yangu. Mama zetu walishona wakasifiwa na wari tu. Mimi nilikuwa nikishona na vita vizima vinanisubiri. Nilikwambia usiifue, usiipige pasi. Sikukwambia usiitie sindano. Mimi niliyekufundisha kutoacha kasoro, nikasahau nimekufundisha. Kosa hilo ni langu, nimelilalia na kuliamkia.

Sasa lililobaki. Wanaume wa kambi ya watu wetu wanaamini niliwauza. Nani hangeamini? Nashonea boma, kofia ilisema njooni, na wewe umeapa. Wameniita Kaole Ijumaa hii, tarehe tisa, nikampambe bibi harusi. Hapana harusi Kaole mwezi huu. Ningejua, hakuna mwari pwani hii anayeolewa bila mimi kumpima. Wananiita waniue.

Nitakwenda. Nisipokwenda nimekiri, na wale wanawake kumi na mmoja watatafutwa mmoja mmoja. Nitawaambia niliacha nafasi. Nani aliijaza sitawaambia, kwa sababu wakijua ni wewe, maisha yako yote watu watasema yule pale ndiye mke aliyemchoma mumewe kwa sindano. Una Mina wa kulea. Na hata nikisema, watasema namtupia mdogo wangu.

Sikulazimishi, Dija. Fanya lililo jepesi kwako.

Mwajabu


Saadani, 7 Mfunguo Nane 1306

Mwajabu,

Jepesi! Umeniachia nichague kumuua nani, kisha unaniambia nifanye lililo jepesi. Wewe dada yangu una wazimu.

Hii inakuja na mjumbe wa Hamoudi, anakimbia, basi naandika kwa haraka na mwandiko usiucheke.

Barua yako niliisoma mara moja tu nikaitia jikoni. Nilikaa. Nikasimama. Nikamfuata Mina nikamsuka nywele, nikazifumua, nikazisuka tena. Nilitaka kukuchukia, nikawa nakuchukia vizuri, kisha nakumbuka suruali zenye tope, nasema, jamani, nani mwingine angeliona tope hilo? Halafu nalia upya. Mpaka sasa sijui nakulilia wewe au yeye.

Nilimtuma jirani akaniitie Hamoudi, na Bwanausi, na wazee wawili wa mtaa. Mimi sitoki, nina eda. Wakakaa upande wao wa pazia. Nikasema: "Dada yangu aliacha nafasi ya vitobo saba. Mimi niliijaza, nikidhani ni kasoro. Na Hamoudi aliponiuliza niliapa uongo."

Hawakuniamini! Mzee mmoja akasema, kwa upole kabisa, "Mwanangu, tunajua unampenda dada yako." Hamoudi akasema mikono ya ndugu hufanana, walifundishwa na mama mmoja. Basi nilitafuta aibu yangu ya tangu utoto nikawapa. Nikasema nileteeni kofia ile ile, na sindano, na uzi. Wakaleta. Nikapitisha mkono wa kushoto chini ya pazia, huo tu, mwili wote ndani, nikasema niwekeeni kofia hapo. Nikashona kitobo kimoja mbele yao kwa mkono huo, sikioni, kwa kupapasa.

Nikasema: "Uzi wa mtu wa mkono wa kulia unalalia huku. Wangu unalalia kinyume. Hesabuni vinavyolala kinyume."

Hamoudi akahesabu, namsikia. Moja, mbili. Alipofika saba akahesabu upya. Akasema, "Saba, na hiki cha leo." Bwanausi akaanza kulia, Mwajabu, mwanamume mzima na mguu wake uliofungwa. Akasema, "Shemeji, bora ungenyamaza." Nikamjibu sikunyamaza siku ile ya kiapo, nitanyamaza leo?

Wameshatoka. Watasema watakavyosema. Hamoudi amemwamuru mjumbe asipumzike mpaka Kaole. Mungu amfikishe kabla yako.

Sasa nikugombe. Neno moja, Mwajabu. "Usiijaze." Ungeniambia kwa mdomo wa Bi Hija, hata bila sababu, ningekereka siku mbili na mume wangu angekula ajemi yake. Uliwaamini wafuaji na wauza maji. Mimi uliniamini kubeba tu, kama chungu. Usife, kwa sababu sijamaliza kukugomba.

Dija


Bagamoyo, 20 Mfunguo Nane 1306

Kwa mdogo wangu Dija.

Mimi mzima. Nilifika Kaole na kikapu changu cha wanja na udi kama fundi wa kweli, nikakuta wanaume saba barazani na bibi harusi hayupo. Waliniuliza mara ya kwanza, nikasema niliacha nafasi. Wakaniuliza mara ya pili nani aliijaza, nikasema sijui. Mmoja wao alikuwa ameshasimama mjumbe alipoingia. Alikuwa hawezi kusema, anahema tu, akawapa kofia ile pamoja na barua ya Hamoudi.

Walinirudisha mpaka kando ya mji, hakuna aliyenitazama usoni. Bomani Mzungu aliniuliza harusi ilikuwaje. Nikasema bibi harusi kabadili nia.

Umenigomba, na kila neno ni haki yangu. Sina la kujitetea. Nilidhani siri ni ngao, nikaifunika juu yangu na wewe nikakuacha nje. Nisamehe ukiweza, usipoweza nigombe, ila uniandikie.

Nimemwambia Hamoudi atafute mlango mwingine, kofia zisipite kwako tena.

Bi Hija ana kofia moja chini ya vyungu. Ilikuwa ya Mwinjuma. Niliianza mwezi wa Maulidi, nikitaka kumshangaza siku ya Idi kabla hujamshonea wewe, unajua ninavyopenda kukutangulia. Imekwisha ila mstari wa mwisho. Hii haina habari yoyote ndani yake, Dija, naapa. Ni kofia. Imalize upendavyo, au itupe.

Dada yako,
Mwajabu


Saadani, 28 Shaabani 1306

Kwa dada yangu Mwajabu. Nakushika miguu.

Eda imekwisha jana. Wamenikogesha, wamenivika nguo mpya, kaniki nimeitoa sadaka. Nje jua kali mno, nilisahau. Keshokutwa au mtondo tunafunga. Mina anasema naye atafunga, nusu siku.

Sikukuandikia miezi mitatu na siku. Nilikuwa sijui niandikie dada yupi, yule wa marinda au yule wa wanawake kumi na mmoja. Hata leo sijui vizuri. Naandika, apokee atakayekuwa nyumbani.

Kisimani leo waliacha foleni yote wakanipisha. Sijui kwa heshima au kwa kuniogopa, na sikuuliza. Kafara ya kiapo nimefunga siku tatu.

Hamoudi alikuja kuniuliza kama niko tayari kurudi kazini. Nikamwambia, kazi ipi, bwana? Mimi sikupata kujua kama nina kazi. Akainamisha kichwa. Kisha nikamwambia kofia zije huku huku kama zamani, mlango mwingine wa nini. Basi zilete. Sasa najua ninachobeba. Na mwambie Bi Hija, kofia ikiwa na nafasi, nitaipeleka mbio na nafasi yake.

Ile ya Mwinjuma niliimaliza wiki hii, mlango wazi, kwa mkono wa kushoto, majirani wakiona. Mstari wa mwisho nimeutia wote ila vitobo saba pale nyuma. Nilikaa nayo siku tatu, mkono unataka kujaza, Mwajabu, mkono unawasha kabisa, nikauzuia. Nimemwachia nafasi yake. Ndivyo ilivyopaswa kumfikia.

Ipo juu ya kasha lake. Nimemkataza Mina kuigusa.

Dija binti Msabaha